Maswali ya Wasomaji: Modemu ya Kebo Inapoandika ‘Auth Reject’

Maswali ya safari hii yametoka Kigoma na Tabora, na karibu yote yanagusa jambo moja: modemu ya kebo ina mawimbi, taa zinawaka, lakini huduma haipiti, na kwenye logi kuna maneno ya Kiingereza kuhusu idhini na funguo. Maneno hayo tumeyaacha yalivyo, kwa kuwa ndivyo utakavyoyakuta kwenye kioo chako.

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Mimi ni fundi wa mtandao mdogo wa kebo. Tulianza na televisheni, sasa tunauza na intaneti. Tumenunua shehena ya modemu za mitumba kutoka Ulaya. Baadhi zimekubali, lakini nyingi zinaandika ‘Auth Reject - Permanent Authorization Failure’. Tumebadilisha waya, konekta na spilita, lakini wapi. Tufanyeje? – *Fundi, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Pole na kazi, fundi. Waya uache kwanza. Modemu iliyofika hatua ya kupewa ujumbe huo imekwishashika mawimbi ya kushuka, imekwishapangiwa nguvu ya kurusha, na imezungumza na CMTS, yaani mtambo mkuu unaoongoza modemu zote za mtandao wenu, hadi ikaeleweka na kujibiwa. Jibu ndilo limekuwa hapana. Waya ukiwa mbovu, modemu haipati jibu lolote, nayo huandika ‘T3 time-out’, yaani muda wa kungoja jibu umekwisha.

Tangu DOCSIS 1.1 ya mwaka 1999 (DOCSIS ni viwango vya kiufundi vya intaneti ya kebo), modemu hutoka kiwandani na vyeti viwili vya kidijitali vya muundo wa X.509, pamoja na ufunguo wake wa siri. Cheti kimoja ni cha modemu yenyewe na kina anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa. Cha pili ni cha mtengenezaji, na mtengenezaji ndiye aliyekitia sahihi kile cha modemu. Cha mtengenezaji nacho kimetiwa sahihi na mwenye cheti mzizi, yaani cheti cha juu kabisa ambacho vingine vyote hukitegemea. Modemu hutuma ‘Auth Info’ yenye cheti cha mtengenezaji, kisha ‘Auth Request’ yenye cheti chake. CMTS hufuata sahihi hizo moja baada ya nyingine hadi kwenye cheti mzizi ilichohifadhi. Zikiwa sawa zote, hurudisha ‘Auth Reply’ yenye ufunguo wa idhini uliofungwa kwa namna ambayo modemu hiyo peke yake inaweza kuufungua. Sahihi moja ikikosekana au ikiwa na kasoro, hurudisha ‘Auth Reject’.

Neno ‘Permanent’ hapo lina uzito. Hutumika kwa sababu ambazo haziwezi kuondoka kwa kujaribu tena: mtengenezaji asiyejulikana na CMTS, sahihi isiyo halali, cheti kisichosomeka, MAC ya kwenye cheti isiyolingana na ile modemu inayojitambulisha nayo, au modemu isiyoweza aina ya usimbaji inayotakiwa. Modemu ikipewa jibu hilo huingia kwenye ukimya. Haiombi tena wala haipitishi data ya mteja. Ukiizima na kuiwasha utakuwa umeirudisha mwanzo wa foleni ili ikakataliwe upya. Zile ‘Auth Reject’ zisizo za kudumu hufanya tofauti: modemu husubiri, kwa kawaida sekunde 60, kisha huomba tena, na ndiyo maana mstari uleule hujirudia kila baada ya dakika moja hivi.

Sasa, kwa mzigo wenu wa Ulaya, anzeni na cheti mzizi. DOCSIS ya Marekani na EuroDOCSIS, toleo la Ulaya, kila moja ina cheti mzizi chake. Ikiwa CMTS yenu ina kile cha Marekani tu, modemu yenye vyeti vya EuroDOCSIS itaonekana imetoka kwa mtengenezaji asiyejulikana hata kama ni nzima kabisa. Zile zilizokubali huenda zina vyeti vya Marekani. Dawa ni kupakia cheti mzizi cha EuroDOCSIS kwenye CMTS. Katika mitambo ya Cisco iliyoenea, faili hilo huwekwa kwenye bootflash kwa jina `euro-root-cert`, pembeni ya `root-cert`. Jina likikosewa herufi moja, mtambo hautaliona.

Kama cheti mzizi kipo na bado zinakataliwa, someni cheti chenyewe. CMTS nyingi zinaweza kukitoa kupitia SNMP (njia ya kusoma taarifa za mitambo kupitia mtandao). Kihifadhini kwenye kompyuta, kisha mwandike:

`openssl x509 -inform DER -in cheti.cer -noout -subject -issuer -dates`

Tazameni mambo matatu. La kwanza ni sehemu ya CN kwenye ‘subject’: inatakiwa iwe MAC ileile iliyo kwenye kibandiko chini ya modemu. Ikiwa tofauti, kuna mtu alibadilisha MAC ya modemu hiyo huko ilikotoka ili aibe huduma. Modemu ya namna hiyo rudisheni kwa muuzaji. Hakuna njia halali ya kuitengenezea cheti kipya, na kuiingiza mtandaoni kwa mlango wa nyuma kutawaletea modemu mbili zenye MAC moja zinazoangushana. La pili ni jina la mtengenezaji kwenye ‘issuer’. Orodha ya vyeti kwenye CMTS ikionyesha mtengenezaji huyo yuko katika hali ya ‘untrusted’, hapo ndipo penye kasoro.

La tatu ni tarehe, na mitumba mingi huishia hapo. Vyeti vya watengenezaji vilivyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa muda wa miaka 20 vimekwisha muda. CMTS inayokagua tarehe itaikataa modemu nzima kwa sababu ya cheti cha mtengenezaji kilichochakaa kwenye karatasi. Mitambo mingi hukuruhusu kukiwekea cheti hicho kimoja hali ya ‘trusted’ na kukiondolea ukaguzi wa tarehe. Tunashauri mfanye hivyo kwa cheti kimoja kimoja mnachokijua. Amri ya kukubali vyeti vilivyojitilia sahihi vyenyewe msiiguse, kwani hiyo humfungulia mlango yeyote aliyetengeneza cheti nyumbani kwake.

Kabla hamjanunua shehena nyingine, ombeni sampuli mbili kwa kila toleo, mzijaribu kwenye CMTS yenu hadi zifike `online(pt)`. Hali ya `online` peke yake haitoshi: maana yake ni kwamba modemu imesajiliwa, si kwamba imepata funguo. `online(pk)` ni kwamba imepata ufunguo wa idhini, na `online(pt)` ni kwamba imepata na ule wa kusimba data. Kinyume chake ni `reject(pk)` na `reject(pt)`. Na mhakikishe vifaa vina idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla ya kuviingiza sokoni.

SWALI: Mimi ni mteja tu, nina duka la vifaa vya shule. Intaneti inakatika. Nilipofungua 192.168.100.1 nikakuta orodha ndefu: T3, ToD, na mstari mmoja wa ‘Auth Reject - No Information’. Niliyempigia kwa mtoa huduma amesema ninunue modemu mpya. Ninunue? – *Mama wa dukani, Kanyenye, Tabora*

JIBU: Mama, shikamoo. Usitoe hela bado. Katika orodha hiyo, pembeni ya kila mstari, modemu nyingi huandika namba ya tarakimu nane. Tarakimu mbili za mwanzo zinakuambia tatizo ni la idara gani. 84 ni kushika mawimbi yanayoshuka. 82 ni mazungumzo ya modemu kurudi kwa CMTS, na zile T3 zako ni za huko (82000200 ndiyo maarufu). 68 ni kupata anwani, saa (ndiyo ile ToD) na faili la usanidi. 73 ni usajili. 66 ni idhini na funguo. Hesabu zipi ni nyingi na zipi zilitangulia.

Kama 82 ndizo nyingi na zimeanza kabla ya 66, kosa la waya linawezekana, na modemu mpya haitasaidia. Fungua ukurasa wa mawimbi usome. Nguvu inayoshuka inaruhusiwa kati ya −15 na +15 dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi), ila raha yake ni kati ya −7 na +7. SNR, yaani uwiano wa mawimbi na kelele, kwa 256-QAM (mtindo wa kubeba data) iwe 33 dB kwenda juu. Nguvu ya kupanda ikikaa 35 hadi 49 dBmV ni salama. Ikifika 51 au zaidi modemu inapiga kelele kwa sauti yake yote na bado haisikiki vizuri. Hapo chanzo mara nyingi ni konekta iliyolegea, spilita iliyoongezwa ili televisheni ya pili ipate picha, au maji yaliyoingia kwenye kiungo cha nje msimu wa mvua. Spilita ya njia mbili peke yake hula kama dB 3.5 kila upande, ya njia nne kama 7. Chomoa spilita zote, unganisha modemu moja kwa moja na waya unaoingia dukani, kisha usome tena.

Kama mawimbi yako ni mazuri na mstari wa 66 unajirudia, basi tatizo liko kwa mtoa huduma. ‘No Information’ ni CMTS kukukatalia bila kutaja sababu; sababu iko kwenye logi yao, haiko kwako. Mwandikie ujumbe wenye mambo haya: MAC ya modemu kutoka kwenye kibandiko, saa kamili ya mstari huo, maneno yake yote mpaka mwisho (sehemu za CM-MAC na CMTS-MAC ni muhimu sana), na vipimo vitatu vya mawimbi. Ujumbe wa namna hiyo haujibiki kwa “nunua modemu”. Angalizo la saa: modemu nyingine huandika saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya ya Tabora kwa saa tatu. Mtajie ni ipi uliyosoma.

Mstari mmoja tu wa 66 ndani ya wiki nzima, na huduma ikarudi yenyewe, usikusumbue.

SWALI: Umeme ukikatika kwa muda mrefu na kurudi, modemu zetu zote hukataliwa idhini kwa saa nzima au zaidi, halafu zinakubali polepole. Logi za modemu zinaonyesha mwaka 1970. – *Fundi, Isevya, Tabora*

JIBU: Mnachanganya saa mbili, fundi, na kila moja ina kosa lake.

Saa ya modemu huanza sifuri kila inapowashwa, na 1970 au ‘Time Not Established’ ni kawaida mpaka ipate saa kutoka kwenye seva ya ToD (Time of Day), inayogawa saa kwa modemu. Seva hiyo husikiliza UDP bandari ya 37, na anwani yake modemu huipata kwenye jibu la DHCP (huduma inayogawa anwani), chaguo la 4. Chaguo la 2 ni tofauti na UTC. Kwa Tanzania andikeni 10800, yaani sekunde za saa tatu. Kukosa ToD hakuizuii modemu ya kisasa kusajiliwa, ila mkiona ‘Auth Reject - Time of Day not acquired’, CMTS yenu imeamua kudai saa hiyo kabla ya kutoa idhini.

Saa yenye madhara makubwa ni ya CMTS. Mtambo uliopoteza tarehe ukarudi miaka ya nyuma unaviona vyeti vyote kuwa bado havijaanza kutumika, na kwa kuwa unakagua tarehe, unakataa kila mtu. Saa nzima mnayoingoja ni muda ambao CMTS inatafuta seva ya NTP (ya kusawazisha saa za mitambo) isiyopatikana, kwa sababu seva hiyo nayo, au kiungo cha kwenda nje, bado haijaamka. Na kama NTP yenu ni kompyuta ileile ya DHCP iliyo na betri ya CR2032 iliyokufa, itaamka na tarehe ya uongo na kuigawa kwa wengine. Pimeni betri hiyo: mpya husoma karibu volti 3. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kumfuata mteja mmoja.

Pangeni uwashaji: swichi kwanza, kisha seva ya NTP, ToD, DHCP na TFTP (inayogawa faili la usanidi), mthibitishe tarehe kwa macho, ndipo muiwashe CMTS. Vikuza mawimbi vya barabarani viwe vya mwisho, mtaa kwa mtaa, ili modemu zisivamie DHCP zote kwa pamoja. UPS ya chumba cha mitambo ibebe CMTS na seva hiyo ya saa hata kama haiwezi kubeba vingine.

Kwa waliokwama tayari: rekebisheni tarehe ya CMTS, kisha mziwashe upya modemu kutoka kwenye CMTS. Zile zilizopewa kataa la kudumu zimenyamaza na hazitaomba tena zenyewe.

SWALI: ‘TEK Invalid - Invalid Key Sequence’ inatokea kwenye modemu moja kila siku. Je, ni mdukuzi? – *Ujiji, Kigoma*

JIBU: Mara nyingi siyo. Ufunguo wa kusimba data, TEK, huishi saa 12 katika mipangilio ya kawaida, yaani sekunde 43200. Ule wa idhini huishi siku 7, sekunde 604800. Kila wakati modemu hushikilia TEK mbili, ya sasa na inayofuata, na huomba mpya kabla ya ile ya zamani kufa, ili mteja asihisi chochote. Ujumbe huo maana yake ni kwamba modemu na CMTS zimetofautiana kuhusu namba ya ufunguo unaotumika, kwa kawaida kwa sababu maombi au majibu ya kubadilisha yalipotea njiani. Modemu huomba upya na maisha yanaendelea.

Andikeni saa za matukio. Yakija kwa vipindi vya saa vinavyolingana, ni ubadilishaji wa TEK, na modemu hiyo moja ina kelele kwenye njia ya kupanda. Kagueni waya wake. Yakija kwa modemu zote kwa dakika moja, CMTS au kadi yake imejiwasha upya. Yakija ovyo kwa modemu moja, huku MAC yake ikionekana kwenye nodi mbili tofauti, yaani maeneo mawili ya mtandao, hapo sasa fikirini kuhusu modemu iliyonakiliwa.

SWALI: Si tuzime tu BPI+ kwenye faili la usanidi ili wateja wapate huduma? – *Kasulu, Kigoma*

JIBU: Msizime. BPI+ ndiyo mfumo wenyewe wa vyeti na usimbaji tunaouzungumzia. Kipengele cha 29 kwenye faili kikiwekwa 0 kweli modemu haitaombwa vyeti, na ndiyo sababu ushauri huo unasambaa. Lakini waya wa kebo ni wa pamoja. Data ya kushuka ya mteja mmoja hupita kwenye modemu za majirani wote wa nodi ile, na kinachowazuia kuisoma ni usimbaji huo. Mteja anayelipa mkopo kwa simu akiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani hajakupa ruhusa ya kumwacha wazi. Kwa uchunguzi, fanyeni kwa modemu moja ya ofisini: ikipata huduma bila BPI+ na kukosa ikiwepo, mmethibitisha kuwa tatizo ni vyeti. Kisha rudisheni faili la awali.

Na mkihariri faili, likokotoeni upya kwa neno la siri lilelile lililo kwenye CMTS. Likitofautiana, modemu zitaonyesha `reject(m)`. Hilo ni kataa la uthibitisho wa faili na halihusiani na vyeti, ingawa mafundi wengi huyachanganya na kuanza kupakia vyeti mzizi bure.

SWALI: Nyumbani nina faiba, si kebo. Ruta inaandika ‘PPPoE authentication failed’. Haya yananihusu? – *Cheyo, Tabora*

JIBU: Vyeti havikuhusu. PPPoE hutumia jina la mtumiaji na neno la siri. Tazama kwanza kisanduku cha faiba. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: waya umekunjwa sana, umekatika au kiunganishi kimeshika vumbi. LOS ikiwa imezima na PON inapepesa bila kutulia, kisanduku hakijasajiliwa kwa mtoa huduma, hivyo mpe namba ya mfululizo iliyo nyuma yake. PON ikiwa imetulia na kosa la PPPoE linabaki, andika upya jina na neno la siri kwa mkono, kwa sababu kunakili kutoka kwenye ujumbe wa simu huongeza nafasi tupu mwishoni bila kuonekana. Likikataa tena, muulize mtoa huduma kama malipo yamefika na kama kuna kikao cha zamani kilichobaki wazi kwa jina lako. Baadhi ya mitambo hukubali kikao kimoja tu, na kile cha kabla umeme haujakatika kinaweza kubaki dakika kadhaa. Zima ruta dakika 10, kisha ujaribu.